Sanduku la Kahawia

Tulilifungua la mwisho, saa tisa na robo usiku.
Kamera zilikuwa zimeondoka zamani, zikiyafuata ya rais;
askari wawili walikoroma kwenye madawati ya darasa la pili,
magoti yamewafika kidevuni.
La rais lilikuwa na watazamaji kutoka ng'ambo,
vizibao vyao mifuko tele.
La kahawia, la mwakilishi wadi,
ambaye sisi bado twamwita diwani,
lilikuwa na sisi tu:
mimi karani, Bi Kerubo msimamizi, mawakala watatu,
na taa ya betri iliyofifia kila tulipoitegemea.

Na huyu diwani ndiye wa mtaro.
Ndiye wa taa ya kona pale kwa muuza makaa,
wa choo, wa taka, wa kibali cha kibanda,
wa daraja la mbao lililochukuliwa na Mto Nairobi mwezi wa nne
pamoja na mkoba wa shule wa mtoto wa Mutheu,
vitabu, kiazi na kila kitu.
Lakini saa tisa na robo
nani hukesha kwa ajili ya mtaro?

Nikasoma. Ondimu. Guyo. Guyo. Ondimu.
Sauti ikanikauka kama chaki.
Nikisema Nanjala, wakala wake, ambaye ni mwanawe,
anainuka nusu,
halafu anaketi.

Tukafunga hamsini hamsini kwa mipira.
Guyo akataka turudie. Tukarudia.
Ondimu, mia mbili na kumi na mbili.
Guyo, mia mbili na tisa.
Nanjala, aliyepita mlango kwa mlango
bila kofia za kugawa, bila tishati, bila unga,
saba.
"Na nyumbani wapiga kura tuko tisa," mwanawe akasema,
polepole, kama mtoto ubaoni
anayefanya hesabu ya kutoa na kuliogopa jibu.
Hakuna aliyecheka.

Zikabaki nne mbovu.
Moja tupu, haijaguswa.
Moja imetiwa alama kwa wote watatu,
ya mtu asiyetaka ugomvi na jirani.
Moja dole gumba zima, kama la fomu ya mkopo.
Ya nne ilikuwa na neno.
Herufi kubwa, mkono uliotulia,
limeanzia kisanduku cha juu likateremka mshazari hadi cha chini:
DARAJA.

Wakala wa Ondimu: "Ni yetu hiyo. Neno limeanzia kwetu."
Wakala wa Guyo: "Nia ya mtu hujulikana mwishoni,
na mwisho wake uko kwetu."
Mwana wa Nanjala alinyamaza,
ingawa R na A zilikuwa zimelala katikati,
ndani kabisa ya kisanduku cha mamake.
Bi Kerubo akavua miwani, akaipangusa, akaivaa.
"Sheria yataka alama," akasema. "Hili ni neno."
Akapiga muhuri: IMEKATALIWA.
Wino ukaiangukia J.

Fomu ina mahali pa jumla, pa sahihi,
ina hata mistari ya wakala kueleza kwa nini amegoma kutia sahihi.
Nikatafuta, sijui nilitafuta nini.
Nikaandika: zilizokataliwa, 4.

Kulipokucha, wadi nzima ikajumlishwa kule ukumbini:
Ondimu, kwa kura kumi na moja.
Vuvuzela zikaanza. Wakambeba begani
watu ambao juzi nilikuwa nimewaona na kofia za Guyo.
Mimi nikashika njia ya mtoni, viatu mkononi,
suruali nimeikunja kama mvulana.
Waliokuwa wakivuka kwenda kazini
wote walikuwa na wino kidole kidogo,
na mwandiko hausomeki usoni.

Katikati ya maji mwanamume mwenye ndoo ya rangi
akaninyoshea mkono.
"Nani kashinda?"
"Ondimu. Kwa kumi na moja."
"Aa," akasema. "Usikanyage hapo,
jiwe hilo linacheza."